Mgonjwa wa saratani anapoweweseka, muuguzi asikilizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wauguzi wa wodi za saratani tunakutana nalo karibu kila zamu, lakini nje ya wodi halisemwi isipokuwa kwa minong'ono au kwa lawama. Nakusudia hali ya mgonjwa aliyelazwa ambaye jana alikuwa akizungumza vizuri na wanawe na kuulizia majibu ya vipimo vyake, na leo hajui ni siku gani, hamtambui mkewe, na anang'ang'ania kushuka kitandani kwa sababu anaamini kuna watu wanamsubiri mlangoni. Madaktari huiita deliriamu. Wodini tunasema mgonjwa anaweweseka, au amechanganyikiwa. Ndugu wakimkuta hivyo, wapo wanaodhani amerukwa na akili, wapo wanaodhani saratani imeshapanda kichwani na hakuna la kufanya tena, na wapo wanaotutazama kwa jicho kali wakiamini kwamba tumemchoma sindano isiyomfaa. Dhana hii ya mwisho, kwa kweli, si ya kupuuzwa moja kwa moja, nami nitairudia.

Ninachotaka kusema ni kwamba kuweweseka huku ni dalili ya dharura mwilini, sawa na homa kali au kushuka kwa presha, na kwamba mtu mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuigundua mapema ni muuguzi, hasa wa zamu ya usiku. Hospitali isiyompa muuguzi huyo njia ya kuipima hali hii, muda wa kuipima, na daktari anayeitika anapoitwa, inaipoteza dalili hiyo kwa hiari yake.

Kwanza nieleze tabia yake, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha wengi. Kupotewa na kumbukumbu kwa wazee huja taratibu, kwa miezi na miaka. Deliriamu huja kwa saa au siku chache, na haitulii mahali pamoja: mgonjwa yule yule hupotea jioni, akarudi alfajiri, akapotea tena baada ya chakula cha mchana. Kinachoharibika kwanza ni uwezo wa kushika jambo moja akilini. Ukimwuliza swali ataanza kulijibu, na katikati ya sentensi atafuata sauti ya troli inayopita. Daktari akifanya raundi asubuhi humkuta ameoshwa, ameketi, anaitikia salamu na kutaja jina lake, naye huandika kwenye faili kwamba mgonjwa anajitambua. Hakuandika uongo, ameandika alichokiona kwa dakika tano. Muuguzi aliyekuwa naye usiku kucha ndiye aliyemwona akiokota vitu visivyokuwepo juu ya shuka, akijaribu kuchomoa dripu, akimwita mama yake aliyekwisha kufariki miaka mingi iliyopita. Taarifa zote mbili ni za kweli, ila katika faili, ya daktari ndiyo hushinda.

Hata hivyo mgonjwa anayepiga kelele ana bahati, kwa maana angalau ataonekana. Anayenitia wasiwasi zaidi ni yule aliyenyamaza. Deliriamu ina sura nyingine ya ukimya, ambapo mgonjwa hulala muda mwingi, hujibu kwa neno moja au hajibu kabisa, hula kidogo na hasumbui mtu. Na katika wodi yenye shughuli nyingi asiyesumbua huitwa mgonjwa mzuri. Kwenye makabidhiano ya zamu husemwa kwamba amepumzika, au kwamba amekata tamaa na labda aandikiwe dawa ya sonona. Namkumbuka mama mmoja mtu mzima, mwenye saratani ya titi iliyokuwa imefika kwenye mifupa, aliyesifiwa hivyo kwa utulivu wake. Muuguzi mwenzangu alipompelekea chakula aliona kwamba mama ameshika kijiko hewani na kubaki hivyo, na wala hakuwa akikataa kula, ila alikuwa kama mtu aliyesahau kijiko ni cha kazi gani. Akamwomba ataje siku za juma kwa kurudi nyuma. Mama akasema Jumapili, Jumamosi, Jumapili, kisha akageukia ukutani. Mwenzangu hakuridhika hadi damu ilipochukuliwa, na majibu yakaonyesha kwamba kalsiamu iko juu mno, jambo ambalo si geni saratani inapokula mifupa. Aliwekewa maji mengi ya mshipani pamoja na dawa ya kuishusha kalsiamu hiyo, na baada ya siku chache akawa anauliza miwani yake imewekwa wapi. Ndipo alipotueleza kwamba siku zile zote tulizodhani amepumzika alikuwa amejawa na hofu, akiamini kwamba tunapanga kumdhuru kila tulipoinama kunong'ona karibu na kitanda chake.

Sababu za hali hii kwa mgonjwa wa saratani ni nyingi, na mara nyingi huja mbili tatu kwa pamoja. Kalsiamu nimeitaja. Kuna kushuka kwa sodiamu, ambako hutokea hasa katika aina fulani ya saratani ya mapafu. Kuna upungufu wa maji kwa mgonjwa anayetapika. Kuna oksijeni kupungua, ini au figo kushindwa kazi, na uvimbe uliosambaa hadi kwenye ubongo. Kuna maambukizi, na hapa ieleweke kwamba mgonjwa ambaye chembe nyeupe za damu yake zimeshushwa na tibakemikali, yaani dawa za kuua chembe za saratani, anaweza kuwa na maambukizi makali kabla homa haijapanda, hivyo kuchanganyikiwa kwake kukawa ndiyo taarifa ya kwanza tunayoipata. Kuna pia mambo madogo yasiyohitaji maabara: kibofu kilichojaa, choo kilichofunga kwa siku kadhaa, maumivu yasiyotibiwa, usingizi unaokatizwa kila baada ya saa moja kwa taa na kelele zetu wenyewe. Nimeshuhudia baba mmoja, aliyekuwa akipambana na watu watatu waliomshika, akitulia na kulala mara tu mpira wa mkojo uliokunjika chini ya paja lake uliponyooshwa. Dawa ya kumtuliza ilikuwa imeshavutwa kwenye bomba la sindano.

Sasa nirudi kwenye sindano ambayo ndugu huilaumu. Mofini ni dawa ya maumivu makali ambayo hakuna wodi ya saratani inayoweza kufanya kazi bila kuwa nayo, na sitaki barua yangu imtie mtu yeyote hofu ya kuitumia, kwa sababu maumivu yaliyoachwa bila tiba nayo humchanganya mgonjwa. Lakini mabaki ya mofini hutolewa mwilini na figo, na figo zikichoka mabaki hayo hujikusanya. Mgonjwa huanza kushtukashtuka misuli, huona wadudu ukutani, huguna na kulalamika hata akiguswa kidogo. Hapo ndipo penye mtego. Anayemsikia akiguna hudhani maumivu yamezidi, dozi huongezwa, na kuweweseka kukazidi maradufu. Muuguzi aliyemzoea mgonjwa, anayejua kwamba tangu jana mkojo wake umepungua na mikono yake inarukaruka, anaweza kuukata mzunguko huo kwa kumwita daktari, ambaye atapunguza dozi, au atabadilisha dawa ya maumivu, au ataongeza maji. Deksamethasoni, ambayo hutumika sana kwa wagonjwa wa saratani, huwanyima baadhi yao usingizi na kuwachanganya. Dawa za usingizi, baadhi ya dawa za mzio na za kutuliza msokoto wa tumbo, hata ifosfamidi ambayo ni dawa ya tibakemikali yenyewe, zote zimo katika orodha ya zinazoweza kuleta hali hii. Kwa hiyo ndugu anayetuuliza ni dawa gani mgonjwa wake ameanzishwa juzi anauliza swali la maana, nasi tusilipokee kama tusi.

Wapo, hata miongoni mwetu tunaovaa sare, wanaosema kwamba mgonjwa wa saratani akianza kuweweseka basi ndiyo mwisho. Mwaka 2000 daktari Peter Lawlor na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 104 wenye saratani iliyofikia hatua ya juu, waliolazwa katika kitengo cha tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa wa ugonjwa mzito, huko Edmonton, Kanada. Asilimia 42 walikuwa na deliriamu walipolazwa, na kati ya waliofariki kitengoni humo asilimia 88 walikuwa nayo walipokaribia kukata roho. Kwa hiyo ni kweli kwamba hali hii huambatana na kifo. Lakini karibu nusu ya vipindi vya deliriamu vilivyoonekana pale vilitibika, hasa vile vilivyotokana na dawa au upungufu wa maji. Hao walikuwa wagonjwa ambao wengi wetu tungekwisha kuwahesabu kuwa hawana lao tena. Mtu akirudishiwa fahamu kwa wiki mbili, anaweza kuagana na watoto wake, kusema anapotaka kuzikwa, kukataa au kukubali tiba kwa kinywa chake mwenyewe. Sioni ni kipimo gani kinachotuambia kwamba wiki mbili hizo hazina thamani ya chupa ya maji na kipimo kimoja cha damu.

Vyombo vya kuitambua deliriamu vipo, na havihitaji umeme wala fundi. Sharon Inouye wa Marekani alichapisha mwaka 1990 njia inayotazama mambo manne: je, mabadiliko yamekuja ghafla na yanapanda na kushuka, je, mgonjwa anashindwa kuzingatia, je, mawazo yake yametawanyika, na je, kiwango chake cha kuwa macho kimebadilika? Mawili ya kwanza yakiwepo pamoja na mojawapo ya mawili ya mwisho, mgonjwa ahesabiwe kuwa na deliriamu. Mwaka 2005 watafiti wa Quebec, Kanada, wakiongozwa na Jean-David Gaudreau, walitoa kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya wauguzi, chenye vipengele vitano tu ambavyo muuguzi huviona akiwa katika kazi yake ya kawaida: kupotea kwa mahali na wakati, tabia isiyofaa, mazungumzo yasiyofaa, kuona visivyokuwepo, na kuzorota kwa mwitikio. Kila kipengele hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, jumla ikifika 2 daktari aitwe, na kazi yote huchukua kama dakika moja. Wengine wanatumia swali moja tu, anaulizwa ndugu au rafiki wa mgonjwa: je, unamwona amechanganyikiwa zaidi siku hizi kuliko kawaida yake? Swali hilo lilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani huko Australia, na ingawa halikamati kila mgonjwa, linakamata wengi kwa gharama ya pumzi moja.

Najua wenzangu watakaosoma hapa wataguna kwamba ni fomu nyingine tena, na wana haki ya kuguna, kwani fomu tulizonazo zinatosha kujengea ukuta. Sipendekezi karatasi mpya. Napendekeza mstari mmoja katika chati ile ile ya joto, mapigo ya moyo na upumuaji, ujazwe kila zamu, mahali ambapo daktari hawezi kufungua faili bila kuuona. Alama ikiandikwa kwenye maelezo ya uuguzi nyuma ya faili, ambako husomwa na sisi wenyewe tu, tutakuwa tumempima mgonjwa kwa faida ya kabati.

Tena kuna lugha yetu ya kwenye simu, ambayo inahitaji kurekebishwa. Ukimpigia daktari wa zamu saa nane usiku ukamwambia kwamba mgonjwa anasumbua, atakuandikisha dawa ya kumnyamazisha kisha atarudi kulala, na sitamlaumu sana. Ukimwambia kwamba hadi saa mbili usiku mgonjwa alikuwa akijitambua, kwamba sasa hajui yuko wapi, anapumua mara 28 kwa dakika, hajakojoa tangu mchana na dozi ya mofini iliongezwa jana, atavaa viatu aje. Vyuo vya uuguzi vinatufundisha kuchoma sindano kwa ustadi. Kutoa taarifa namna hiyo tunaachiwa kujifunza wenyewe kwa kukaripiwa.

Kuhusu dawa zenyewe za kutuliza, nasema kwa tahadhari, maana mimi si daktari. Haloperidoli imekuwa ikitolewa kwa miongo mingi kana kwamba ndiyo tiba ya deliriamu. Mwaka 2017 Meera Agar na wenzake wa Australia walichapisha jaribio la wagonjwa 247 wa tiba shufaa wenye deliriamu isiyo kali sana, waliogawanywa katika makundi matatu: waliopewa risperidoni, waliopewa haloperidoli, na waliopewa dawa bandia isiyo na kitu ndani. Wote walihudumiwa kwa kutafutiwa sababu na kuliwazwa. Waliopewa dawa hizo mbili walikuwa na dalili mbaya kuliko waliopewa dawa bandia, na wa haloperidoli waliishi muda mfupi zaidi. Mwaka huo huo David Hui na wenzake wa Texas walionyesha kwamba kwa mgonjwa wa saratani aliye karibu na kifo na mwenye fadhaa kali, kuongeza lorazepamu, dawa nyingine ya kutuliza, juu ya haloperidoli humtuliza kuliko haloperidoli peke yake. Mimi nauona ukweli ukiwa katika tafiti zote mbili. Mgonjwa aliyeshikwa na hofu kuu, au anayejichomoa mirija na kujihatarisha, ana haki ya dawa kwa dozi ndogo inayoangaliwa upya kila siku. Mgonjwa anayetembeatembea na kuzungumza peke yake, bila hatari yoyote, hastahili kudungwa ili wodi iwe kimya.

Halafu kamba. Malalamiko kwamba wauguzi huwafunga wagonjwa mikono kwenye kitanda hutolewa mara kwa mara, na yanayotolewa si yote ya uongo. Utafiti wa Inouye na Charpentier wa mwaka 1996, uliowahusu wazee waliolazwa, ulikutaja kufungwa kuwa mojawapo ya mambo matano yanayoichochea deliriamu, sambamba na utapiamlo, kuongezewa dawa zaidi ya tatu, mpira wa mkojo, na madhara yanayotokana na huduma yenyewe. Kwa maneno mengine, tunamfunga kwa sababu amechanganyikiwa, naye anachanganyikiwa zaidi kwa sababu amefungwa, na akijinasua huanguka vibaya kuliko ambaye angeshuka mwenyewe. Sitetei kamba hata kidogo, lakini namfahamu anayeifunga: yuko peke yake na wodi nzima, mgonjwa mmoja anavuja damu, wa pili dripu imekwisha, wa tatu anapanda juu ya reli ya kitanda. Mkuu wa hospitali anayeandika waraka wa kukataza kamba bila kuongeza mtu wa pili usiku amejiondolea lawama yeye, na mgonjwa amemwacha pale pale alipokuwa.

Mtu wa pili huyo wakati mwingine yupo nje ya geti, amezuiwa na saa za kutazama wagonjwa. Ndugu mmoja anayefahamika kwa mgonjwa, akiruhusiwa kuketi naye usiku, hufanya kazi ambayo hakuna sindano inayoiweza. Mwaka 1999 Inouye huyo huyo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha matokeo ya mpango wa kuzuia deliriamu kwa wagonjwa 852 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Hawakuwa wagonjwa wa saratani peke yao, lakini tulichojifunza kinatuhusu. Waliokuwa katika mpango huo, asilimia 9.9 walipata deliriamu, dhidi ya asilimia 15 ya waliohudumiwa kwa kawaida. Na mpango ulikuwa na nini? Kumkumbusha mgonjwa siku na mahali, kumwinua atembee, kumnywesha maji, kumvalisha miwani na kifaa chake cha kusikia, na kumwachia usiku uwe usiku ili alale. Jambo moja katika matokeo yale hutajwa kidogo nami naliona kubwa: kwa waliokwisha kupata deliriamu, mpango haukupunguza ukali wake. Kwa hiyo miwani iliyofungiwa kwenye begi chini ya kitanda inatakiwa itolewe siku ya kulazwa, kabla mgonjwa hajaanza kuziona kuta zikisogea.

Niwageukie ndugu wa wagonjwa kwa kidogo. Mkimkuta mzee wenu anasema kuna nyoka darini, msimbishie, wala msimkubalie kwa kumridhisha. Mwambieni, "Baba, mimi sioni nyoka, ila naona umeogopa, niko hapa, ni mimi mwanao." Azungumze mmoja tu, kwa sentensi fupi, akiwa mbele ya uso wake, na redio izimwe. Nimeona watu saba wakizunguka kitanda kimoja, kila mmoja akiuliza, "Unanijua mimi ni nani?", hadi mgonjwa akalia kwa kushindwa mtihani asioujua. Akimtuhumu mkewe kwamba anamtilia sumu, au akimtukana binti aliyekesha naye, maneno hayo ni ya ugonjwa na yasiwekwe moyoni, ingawa najua kusema ni rahisi. Nanyi wenye haraka ya karatasi, mgonjwa aliye katika hali hii asisainishwe kitu, iwe fomu ya upasuaji au hati ya mali. Na sisi wa hospitali tusichukue kidole gumba cha mtu asiyejua yuko wapi tukakiita ridhaa. Yule atakayesema kwa niaba yake atambuliwe mapema, akili ya mgonjwa ikiwa bado yake.

Na watu wasidhani kwamba aliyepona hakumbuki. Mwaka 2002 William Breitbart na wenzake wa hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York, waliwahoji wagonjwa wa saratani waliokuwa wamelazwa na kupona deliriamu, pamoja na wenzi wao na wauguzi wao. Zaidi ya nusu ya wagonjwa waliikumbuka hali ile. Walipoombwa kupima mateso yao kwa alama kuanzia 0 hadi 4, wastani wa wagonjwa, wa wenzi na wa wauguzi wote ulizidi 3, wenzi wakiwa juu ya wote. Waliokuwa kimya waliteseka sawa na waliopiga kelele, na hilo linanirudisha kwa yule mama wa kijiko. Mgonjwa aliyepona hubaki na aibu, akijiuliza alisema nini mbele ya nani, na wengi hawaulizi kwa kuogopa kuitwa wendawazimu. Muuguzi akikaa naye dakika kumi akamweleza kwamba ile ilikuwa damu yake imeharibika, kwamba hutokea kwa wengi na kwamba hakumkosea mtu, humwondolea mzigo mzito. Kazi hiyo haimo katika orodha ya majukumu ya wodi yoyote niliyowahi kufanya kazi.

Sisi nasi tumo katika utafiti huo, Mhariri, japo sitaki kuirefusha habari yetu. Muuguzi aliyepigwa kofi usiku na mgonjwa anayempenda huosha uso, huandika taarifa kama kuna kitabu cha taarifa, kisha huendelea kugawa dawa za saa kumi na mbili. Muuguzi kiongozi akimwuliza asubuhi ilikuwaje, hilo peke yake ni tofauti kubwa na hali ilivyo sasa.

Ipo deliriamu isiyotibika, ya siku za mwisho kabisa, ambapo viungo vimechoka na kumtoboa mgonjwa kutafuta sababu ni kumwongezea maumivu. Hapo uamuzi wa daktari, muuguzi na ndugu uwe wazi kwamba lengo sasa ni utulivu, uandikwe, na ndugu waelezwe mapema wataona nini, ili mguno na mikono inayotapatapa visiwakute bila maelezo. Ninachokipinga ni kuamua hivyo kwa mazoea, kabla mtu hajashika kibofu wala kutazama chati ya dawa.

Mstari mmoja kwenye chati, mtu wa pili zamu ya usiku, na mafunzo ya kutoa taarifa ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa wakuu wa hospitali, na nawaomba wasisubiri kuletewa na mtu mwingine. Wakati wanayafikiria, msomaji ambaye kesho atakwenda kumtazama mgonjwa wake na kumkuta siye kama alivyomwacha asimwite tu muuguzi kumwambia kwamba mgonjwa "amebadilika". Amweleze kwamba jana saa fulani alikuwa akifanya hili na lile, na leo hawezi. Ataje dawa mpya anayoijua. Aombe maneno hayo yaandikwe kwenye faili pamoja na saa, na aulize daktari atakuja lini kumtazama.

Muuguzi, wodi ya saratani